Mama wa Maji na Mama wa Biashara: Tarikhi ya Masoko ya Siam

Msafiri atokaye Bangkok usiku wa manane, akaishika barabara kuu iendayo kaskazini kwa mwendo wa kilomita 40 au karibu yake hata akaingia wilaya ya Khlong Luang katika jimbo la Pathum Thani, hulisikia soko kabla ya kuliona. Maana katika saa ambayo watu wengi wangali usingizini, huko ngurumo za malori, mchakacho wa barafu inayosagwa, na sauti za mahamali wanaoomba njia mbele ya mikokoteni yao, huchanganyika zikawa kama mvumo wa bahari umfikiao mtu aliye nyuma ya kilima. Hilo ndilo Talat Thai, yaani Soko la Thai, soko la jumla lililojengwa katika miaka ya 1990 juu ya ardhi ya rai 500, ambazo kwa kipimo tukijuacho sisi ni hekta 80. Kila bidhaa humo imetengewa jengo lake au uwanja wake, matikiti mahali pake, machungwa mahali pake, samaki mbali na nyama, na maua mbali na vyote, hata mgeni asiye na mwenyeji aweza kutembea mpaka jua likapanda asiwe ameona nusu ya kilichomo.

Mtu aliyelelewa katika mwambao wa Afrika Mashariki, hususa aliyewahi kuhudhuria msimu wa matunda kisiwani Unguja, hana haja ya mkalimani mbele ya mafungu yale. Madoriani anayajua, shokishoki anazijua, mafenesi na mabalungi ameyala tangu utotoni. Mchaichai, ukwaju, manjano, kotimiri na nazi ni vitu alivyoviona kila siku jikoni kwa mama yake. Nilisimama kwa muda mbele ya muuza doriani mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa glovu nene katika mkono wa kushoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akifunua mafungu yake. Alilishika doriani kwa mkono ule wa glovu, akaligonga taratibu kwa kijiti huku ameinamisha sikio, kama tabibu asikilizaye kifua cha mgonjwa. Akaliweka chini, akagonga la pili, akaliweka upande mwingine. Lililokomaa hutoa sauti ya uwazi, kwa kuwa nyama yake imekwisha kujitenga na ganda, ilhali bichi hujibu kwa sauti kavu kama ya ubao mzito. Elimu hii haikuandikwa popote pale sokoni. Imo mkononi na sikioni mwa yule mwanamke, naye aliirithi.

Wathai humwita mwanamke kama huyo mae kha. Mae ni mama, kha ni biashara. Basi muuzaji wa kike, awe kijana au mzee, awe na watoto au asiwe nao, kwa lugha yao ni mama wa biashara. Na mto, katika lugha hiyohiyo, huitwa maenam, yaani mama wa maji. Mimi naamini kuwa tarikhi yote ya masoko ya nchi ile, ambayo mpaka mwaka 1939 ilijulikana kwa jina la Siam, ni tarikhi ya mama hawa wawili: wa maji aliileta bidhaa mpaka kizingitini pa nyumba, wa biashara akaipokea, akaipima na kuiuza. Leo mama wa maji amekwisha kunyang'anywa kazi yake na barabara. Mama wa biashara yungali palepale.

Neno talat, yaani soko, ni la kale katika Kithai. Limo katika jiwe la Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, lenye tarehe ya mwaka 1292, jiwe ambalo Mongkut, mwana wa mfalme ambaye wakati huo alikuwa mtawa wa Kibudha, alilikuta katika magofu ya mji huo mwaka 1833. Na ingawa wako wataalamu walioitilia shaka tarehe ile, wengi wangali wakiyahesabu maandishi yake kuwa ushahidi wa mwanzo wa lugha yao. Jiwe hueleza kuwa upande wa kaskazini wa mji lilikuwako soko, na kuwa mfalme hakuwatoza raia wake ushuru wa njiani, bali kila aliyetaka kuuza na kununua ndovu, farasi, fedha au dhahabu aliachiwa njia. La kuzingatia zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni kwamba katika jiwe lile neno talat limefuatana na neno pasan, ambalo wanazuoni wengi wa lugha hulihesabu kuwa ni lile bazari la Waajemi, lililosafiri midomoni mwa wafanyabiashara hata likafika bara, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani. Sisi tulilipokea neno soko kutoka kwa Waarabu, wao wakalipokea bazari kutoka kwa Waajemi. Na waliotuletea sisi na waliowaletea wao walikuwa watu wa bahari moja.

Sukhothai ilipofifia, utukufu ulihamia kusini, katika mji wa Ayutthaya, ulioasisiwa mwaka 1351 mahali ambapo mito mitatu hukutana na kukizingira kipande cha ardhi kikawa kisiwa. Hapakuwa na haja ya kujenga barabara nyingi katika mji wa namna hiyo, kwani kila mtaa ulikuwa na mfereji wake, na kila nyumba ilikuwa na ngazi yake ya kushukia majini. Marikebu za ng'ambo zilipanda mto kutoka baharini mpaka karibu na kuta za mji, zikakuta humo mitaa ya Wachina, Wajapani, Wareno, Wamalayu na Waajemi. Hawa Waajemi waliuita mji huo Shahr-i Nav, na ndivyo ulivyoandikwa katika kitabu cha safari ya ujumbe wa Shah Sulaiman, uliofika huko mwaka 1685. Miongoni mwa waliotangulia ujumbe huo kwa miaka mingi alikuwa Sheikh Ahmad, mfanyabiashara kutoka Qom, aliyetia nanga Ayutthaya mwanzoni mwa karne ya 17, akapewa cheo katika mambo ya biashara ya nje, akaoa na kuzaa huko. Namwomba msomaji aliweke jina lake akilini, kwa kuwa tutakutana na kizazi chake mbele.

Wageni waliofika Siam katika karne zile walistaajabia jambo moja kuliko yote, nalo ni kwamba biashara ya kila siku ilikuwa mikononi mwa wanawake. Ma Huan, Mwislamu wa Uchina aliyekuwa mkalimani katika misafara ya Zheng He, misafara ambayo marikebu zake zilifika hata Malindi yetu, aliandika katika karne ya 15 kuwa watu wa Siam, kuanzia mfalme hadi raia, mashauri yao pamoja na biashara zao huyaachia uamuzi wa wake zao. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, Simon de La Loubère, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa aliyefika mwaka 1687, aliona hali ileile, naye akaonyesha sababu yake. Na sababu hiyo ndiyo ufunguo wa mlango huu wote.

Mwanamume huru wa Siam hakuwa huru kwa mwaka mzima. Jina lake liliandikwa katika daftari la mfalme chini ya mkubwa fulani, naye alipaswa kumtumikia mfalme kwa miezi sita katika kila mwaka, bila ya ujira, akichimba mifereji, akijenga mahekalu, akipiga makasia katika mashua za dola au akishika silaha vitani. Muda huo ulipunguzwa katika zama za Bangkok ukawa miezi minne, kisha mitatu, lakini utumishi wenyewe haukuondolewa kabisa mpaka mwaka 1905. Basi nani angeendesha nyumba ilhali mwenye nyumba yuko kazini kwa mfalme? Mkewe ndiye aliyelima bustani, aliyepakia mashua, aliyekwenda kuuza na kurudi na riziki ya watoto, na mara nyingine ndiye aliyempelekea mumewe chakula huko alikotumikishwa. Wengine wasiotiwa katika daftari lile ni Wachina wahamiaji, ambao badala ya kutumikishwa walitozwa kodi ya kichwa kila baada ya miaka mitatu, wakafungwa kigwe cha uzi kifundoni mwa mkono kikapigwa lakiri, kiwe dalili kuwa wamelipa. Hivyo soko la Siam likawa milki ya wale wawili ambao daftari la mfalme liliwaacha: mwanamke mwenyeji na mwanamume mgeni. Aghalabu walioana, na watoto wao wakawa ndio watu wa mijini.

Katika soko hilo hela ndogo haikuwa ya madini. Ilikuwa kauri, simbi zilezile za baharini tunazozijua, zilizoletwa kwa wingi kutoka visiwa vya Maldivi, nazo Wathai waliziita bia. Walizitumia kununulia mboga na samaki kwa karne nyingi, mpaka Mongkut, ambaye sasa alikuwa mfalme, alipoanza katika miaka ya 1860 kupiga kwa mashine sarafu za bati zilizoshika nafasi yake. Kauri zimekwenda, neno limebaki: hata leo Mthai akikopa fedha benki, faida atakayoilipa huiita dok bia, yaani ua la kauri. Nasi pia tulibakiwa na athari za mabadilishano hayo, kwani katika magofu ya miji yetu ya mwambao wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta, pamoja na vyombo vya Uchina, vigae vya vyombo vya udongo vilivyochomwa katika matanuri ya Siam. Sahani iliyochomwa karibu na Sukhothai ililiwa wali na babu zetu. Na sidhani kama walijua, walipokuwa wakiiosha, ilivyovuka bahari kutoka soko hata soko.

Mwaka 1767 majeshi ya Burma yaliiteketeza Ayutthaya, na miaka 15 baadaye, mwaka 1782, Mfalme Rama wa Kwanza akaanzisha mji mkuu mpya huko Bangkok, katika ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya. Mahali alipotaka kujenga kasri yake palikuwa na mtaa wa Wachina, akawaamuru wahamie nje kidogo ya kuta, wakaanzisha Sampeng, kichochoro ambacho mpaka leo watu hukipita bega kwa bega. Lakini wingi wa mji haukuwa nchi kavu. John Crawfurd, mjumbe wa serikali ya Kiingereza ya Bara Hindi aliyefika mwaka 1822, alikuta kingo za mto zimepangwa nyumba zinazoelea, zilizojengwa juu ya vifungu vya mianzi, na mbele ya kila moja bidhaa zimetandazwa kumngoja mnunuzi apitaye kwa mashua. Duka la namna hiyo halikuogopa mafuriko, kwani maji yakipanda nalo hupanda. Mwenye duka alipotaka kuhama hakuvunja kitu. Alifungua kamba, akavutwa na mkondo mpaka mahali palipompendeza.

Wauzaji wa mboga na matunda hawakuwa hata na nyumba hizo, bali mtumbwi mwembamba, kofia pana ya majani na kasia moja. Hilo ndilo talat nam, soko la majini. Wale waliokwenda kwa miguu walibeba mzega begani, ufito wenye kikapu huku na kikapu huku, ambao Wathai huuita hap. Na neno hilohilo likawa jina la kipimo cha uzani, kwa kuwa mzigo wa mzega mmoja ulikuwa kadiri ijulikanayo na wote. Aidha, masoko mengi ya majini hayakuwa ya kila siku. Yaliitwa talat nat, soko la miadi, sawa na gulio letu. Na miadi yenyewe iliwekwa kwa kuandama mwezi. Soko la Tha Kha, katika jimbo la Samut Songkhram, lilipangwa kufanyika mwezi pili, mwezi saba na mwezi kumi na mbili, katika mwezi unaokua na katika mwezi unaopungua, kwa sababu huko karibu na bahari mifereji hujaa na kupwa pamoja nayo, na mtumbwi wenye shehena hauwezi kupita penye tope. Mvuvi wa Pemba ajuaye bamvua na maji mafu hahitaji kuelezwa hekima ya kalenda hiyo.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1855, wakati John Bowring alipotia saini na Siam mkataba wa kuifungua nchi kwa biashara ya Waingereza, na ushuru wa bidhaa ziingiazo ukawekwa asilimia tatu tu. Mara mchele wa Siam ukawa na wanunuzi Singapore na Hong Kong. Na ili mchele ulimwe ilipasa mabwawa ya nyasi yakatwe mifereji. Kati ya mwaka 1866 na 1868 ukachimbwa mfereji wa Damnoen Saduak, wa kilomita 32, uliouunganisha mto Tha Chin na mto Mae Klong; na jina lake maana yake ni safari nyepesi. Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Chuang Bunnag, waziri mkubwa aliyekuja kuitawala nchi kwa niaba ya mfalme kijana Chulalongkorn. Na ukoo wa Bunnag, ijapokuwa ulikuwa umekwisha kuingia katika dini ya Kibudha, ni kizazi cha yule Sheikh Ahmad wa Qom. Basi mfereji ambao leo watalii wa dunia nzima huenda kuupiga picha, ukiwa na mitumbwi iliyojaa maembe na mabalungi, ulisimamiwa na mzao wa mfanyabiashara aliyekuja kutoka Qom.

Kizazi kimoja baadaye, kuanzia mwaka 1890, kampuni iliyopewa idhini na mfalme ilichimba kaskazini ya Bangkok mfereji wa Rangsit na matawi yake mengi, katika uwanda uliokuwa malisho ya ndovu wa mwituni. Na matawi hayo hayakupewa majina bali hesabu, Mfereji wa Kwanza, Mfereji wa Pili, na kuendelea. Wakulima wakamiminika, mpunga ukaota, na baadaye machungwa ya Rangsit yakawa maarufu nchi nzima.

Lakini wakati huohuo nchi kavu ilikuwa imeanza kumshinda mama wa maji. Katika miaka ya mwanzo ya 1860 ilijengwa Charoen Krung, barabara ya kwanza ya Bangkok kujengwa kwa mtindo wa Kizungu, kwa maombi ya Wazungu waliotaka mahali pa kupitisha magari yao ya farasi. Mwaka 1900 Mfalme Chulalongkorn akafungua soko la Nang Loeng, linalohesabiwa kuwa soko la kwanza la nchi kavu lililopangwa rasmi katika mji huo. Mahali paitwapo Pak Khlong Talat, yaani mdomo wa mfereji wa soko, palipokuwa na soko la mitumbwi, kisha soko la samaki, mwishowe pakawa soko la mboga na maua. Na leo hakuna mashua ziletazo maua hayo, bali malori, ijapokuwa jina lingali linauita mfereji. Mwaka 1905 reli ikafika Mae Klong, na soko la mji huo likaikumbatia: wauzaji hutandaza mboga na samaki mpaka juu ya mataruma, na kila gari moshi linapopiga honi, hukunja mahema yao, huvuta makapu nyuma, hungoja mabehewa yapite kwa masafa ya kiganja, kisha hutandaza tena kana kwamba halikupita kitu. Kwa ajili hiyo soko limeitwa la kukunja miavuli. Humo huuzwa samaki wa Mae Klong wajulikanao nchi nzima, jamii ya vibua vyetu, waliopangwa katika vijitenga vya mianzi wamepindwa shingo, kwa kuwa vijitenga ni vidogo kuliko wao. Na mnunuzi hamwamini kibua aliyenyooka shingo kuwa ni wa Mae Klong.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mifereji mingi ya Bangkok ilifukiwa ikawa barabara, na mwaka 1958 ikafunguliwa barabara kuu ya Mittraphap, yaani Urafiki, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kutoka Saraburi mpaka Nakhon Ratchasima, ikazifungulia nyanda za kaskazini mashariki njia ya kuleta mazao yake. Mtumbwi ulibeba mavuno ya bustani moja. Lori lilibeba mavuno ya kijiji. Vichochoro vya masoko ya mjini havikuweza kuyapokea malori hayo, na ndipo masoko ya jumla yalipotoka nje ya mji, kwanza Si Mum Mueang huko Rangsit katika miaka ya 1980, kisha Talat Thai. Nayo kata ambamo Talat Thai lilijengwa huitwa Khlong Nueng, yaani Mfereji wa Kwanza. Ardhi iliyochimbuliwa ili mpunga upite kwa maji, ndiyo inayokanyagwa usiku kucha na magurudumu. Na chini ya daraja ambalo malori huvuka, maji ya mfereji yangali yakienda polepole.

Mahamali wa masoko haya, wengi wao, ni vibarua kutoka Myanmar, ile Burma ya zamani, na wengine kutoka Kambodia. Niliwatazama kwa muda mrefu wakipita na mikokoteni yenye matenga yaliyopandana kupita vichwa vyao, wakiitana kwa lugha yao, wakijibiwa na wanawake wa Kithai kwa maneno machache waliyojifunza; nikakumbuka moto wa 1767, ambao watoto wa Siam hufundishwa shuleni kuukumbuka kwa uchungu. Wahenga wetu walisema biashara haigombi. Soko halikuifuta tarikhi ile, wala sidhani kuwa ni kazi yake kuifuta; lakini kila usiku huwapa watu wa pande zote mbili sababu ya kupisha, kushikana mkono wa kupokea mzigo, na kulipana.

Ningekuwa mwongo kama ningesema kuwa mama wa biashara hana linalomtisha. Maduka makubwa yenye viyoyozi yamejengwa katika kila mji, na wenye mamlaka, katika kutafuta usafi na nafasi ya wenda kwa miguu, wamewaondoa wauzaji wengi pembeni mwa barabara, kama walivyoondolewa wale wa Pak Khlong Talat mwaka 2016. Sipingi usafi. Ninachokihofia ni kusahauliwa kwa lile ambalo tarikhi imelionyesha kwa uwazi, kwamba katika miaka ambayo dola iliwachukua wanaume kwa miezi na miezi, mwanamke mwenye kapu ndiye aliyeilisha nchi. Hakupewa cheo kwa ajili hiyo, wala sanamu; na kama kuna sanamu sokoni, ni ile ndogo ya Nang Kwak, mwanamke aliyepiga magoti, mkono wake wa kulia umeinuliwa kiganja chini kumwita mnunuzi, namna ileile tunavyoitana sisi watu wa pwani. Kila itikadi na wenyewe. Lakini aliyeichonga sura hiyo alimjua vema mwenye soko ni nani.

Nilinunua doriani kwa yule mwanamke, moja kati ya yale aliyoyatenga upande wa kulia. Aliipokea noti yangu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa; kisha, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa mnunuzi wake wa kwanza, akaishika noti kwa ncha za vidole na kuyagusia madoriani yake kwayo, fungu baada ya fungu, akiharakisha na kunong'ona neno la Kichina la kuomba heri, ambalo bila ya shaka lilishuka sokoni pamoja na wale wahamiaji waliofungwa kigwe mkononi. Alipomaliza aliitia noti mfukoni mwa aproni yake, akaokota kijiti, akainamisha sikio kulisikiliza doriani lililofuata.